Kipande cha Boma Nilichokulindia

Mpendwa dada,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba Jumamosi asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na bata, mbuzi wa Mama Osmunda alipanda juu ya ukuta wa boma akakojoa. Hakuna aliyejeruhiwa.

Unaukumbuka ukuta wenyewe: hatua nane za mawe kando ya ziwa, basi. Babu alituambia zamani uliizunguka bandari nzima, na mawe yake aliyabeba yeye kichwani kutoka mlimani, Mjerumani akihesabu. Vita ilipokuja mizinga ikauangusha, na watu wakachukua mawe kufanya mafiga. "Mji huu unapikia ukuta wake," ulisema wewe, ukisonga ugali juu ya matatu kati ya hayo. Nikawa naota mafiga ya mji mzima yanatoka majikoni taratibu, na masizi yake, yanarudi ufukweni kujipanga.

Ulipoondoka kwenda Malawi kununua vitenge, soko huria lilikuwa limefunguliwa na kila mtu kawa mfanyabiashara, hata mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa na miaka saba, na Kiswahili cha darasa la kwanza. Nyumbani tulisema Kinyasa, lakini siku ile ulishajitia mtu wa safari. Ukapaza sauti kwa Kiswahili kutoka kwenye mtumbwi uliokupeleka melini: "Usilie! Tutakutana!" Mawimbi yakala nusu ya neno. Mimi nikasikia "Ukutani!"

Basi kila meli ilipopiga honi nilikwenda ukutani. Nilipokuja kugundua kosa langu nilishaota ndevu, na miguu haijui sarufi.

Wiki iliyopita akaja mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga, anataka mawe yale kwa msingi wa ghala.

"Shikamoo, baba. Huu ni ukuta wa historia," nikamwambia.

"Marahaba. Historia ya nani?"

"Ya babu yangu. Aliubeba kichwani."

"Basi mwite aje auondoe. Kazi anaijua."

Nikacheka, ndio ugonjwa wangu. Kisha nikamwambia ukweli: "Dada yangu akirudi, atanitafuta hapa."

"Ameondoka lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu."

Akalitazama ziwa kidogo. "Lori litakuja Jumatatu, mwanangu."

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda kukaa pale, mgongo kwenye mawe. Yalikuwa na joto kama mtu aliyetoka kulala. Milima ya ng'ambo ilikuwa moshi mtupu, na maji yalisema neno lile lile, nusu nusu, nami sikutaka kulisahihisha. Niliamini kabisa, dada, kwamba nikikungoja vizuri, hakuna lori litakaloweza kunisogeza.

Ulale salama huko uliko, kwa lugha yoyote unayootea sasa.

Jumatatu lori lilikwama mchangani kabla ya kufika, na mnunuzi ameamua kujengea matofali.

Mdogo wako wa mwisho