Meza Haivuji Damu

Mama yangu, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana huko uliko naona mtandao haushiki. Usicheke mwandiko, ni wa kuishia kidato cha pili, lakini Buswelu nzima hakuna fundi simu wa kunigusa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini, hata viatu hujavua, unataka nikukabidhi nyumba? Kwa mdomo tu ulikataa. Tunatembea wote: maharage haya yanachemka, kuku yule juu ya jiwe anachechemea, sato kabaki nusu, nusu kala paka. "Paka huyo ana miguu miwili," unasema, lakini jikoni unafika. Na kwenye wodi yako ya wazazi hakuna nesi aliyepokea zamu akiwa amekaa. "Meza haivuji damu," uliwaambia. "Twendeni kitandani."

Ulikuwa inchaji kweli, mkuu wa wodi, sikunyimi. Ila likizo huchukui. "Nikiondoka siku mbili, wodi inaanguka." Ratiba ya zamu unaandika wewe, funguo za kabati la dawa unalala nazo. Na mimi mjinga nikaenda kutamba mtaani Mkuyuni: bila mama yangu pale hapaendi kitu!

Sasa imeanguka, mama. Imemwangukia mke wangu.

Kabula alijifungua salama, mtoto wa kike. Akaniambia, "Nenda kaburini kwa bibi yake, mwambie pua ni yake." Jioni zamu zikapokezana mezani. Huyu alidhani yule kamwangalia, yule alishaondoka. Shuka lilipofunuliwa, godoro lilikuwa limelowa damu. Hatukumpata tena.

Nilikwenda kumtukana Sista Leticia, aliyerithi kiti chako. Hakujitetea, alilia tu. "Mdogo wangu, miaka yote mama yako alifanya kila kitu mwenyewe. Alipozidiwa ndiyo nikapewa funguo. Funguo tu."

Nikarudi nyumbani na matusi yangu yote. Mimi!

Mama, mimi ulinifundisha kukabidhi hadi kuku anayechechemea. Wodi ukaondoka nayo.

Mtoto nimempa jina lako. Sasa hivi analia, nimesimama kando ya kitanda chake, vile vile ulivyotaka. Kwa saa zile chache tu, Kabula alikuwa kashajua kipi kilio cha njaa, kipi cha tumbo. Hakupata wa kumwachia ujuzi huo. Namwangalia huyu mtoto, mama, na sijui nianzie wapi.

Pumzika wewe uliyeyaweza.

Mwanao mwenye domo, leo limeisha maneno.