Viazi vya Iwawa na Watu wa Sayari Nyingine

Makambako, Ijumaa jioni. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nimerudi kutoka Njombe na miguu ya baridi, lakini moyo unawaka.

Leo nimeshinda.

Neno hilo naliandika polepole, sijalizoea. Mwalimu wa fizikia wa sekondari moja ya huko alinialika mimi, mzee ninayejisomea vitabu vya nyota, nizungumze na klabu yake ya anga. Mkuu wa shule alikwisha kusema kipindi cha klabu hiyo ni kupoteza muda. Leo angekaa nyuma asikilize. Asiporidhika, klabu inafungwa na wanafunzi wanarudi kwenye mazoezi ya mtihani.

Nilianza vizuri. Nyota hazihesabiki, nikasema, na nyingi zimeonekana kuwa na sayari. Baadhi ya sayari hizo ni za mwamba, haziko karibu mno na nyota zao wala mbali mno. Yaelekea basi zipo dunia nyingine zinazofanana na hii.

Mkuu akanyoosha mkono. "Basi mzee, watu nao wapo! Dunia kama yetu, watu kama sisi. Au unatuzungusha?"

Darasa likacheka. Nakiri nilitetereka, vitabu vyote vilinikimbia.

Kilichobaki ni aibu yangu ya zamani, ambayo sijawahi kuisimulia hata kwa wanangu, nikawasimulia hiyo. Nilihama kijijini kwetu Iwawa nikiwa kijana, nikaja hapa Makambako na gunia la mbegu za viazi. Nikakuta vilima, ukungu, baridi ya asubuhi. Nikasema, hapa ni sawa na kwetu. Nikapanda mwezi ambao kwetu udongo bado una unyevu. Huku ulikuwa umekauka. Majirani walinicheka msimu mzima, wakinitaja kwa kabila langu: "Mkinga kapanda ukungu!"

"Mbegu ileile, mikono ileile," nikawaambia. "Mvua tu ndiyo iliyotofautiana, na sikupata hata kiazi cha kuchemsha. Huko juu hata mbegu si ileile. Uhai unaweza kuwepo, ila utakuwa umepita njia zake kwa miaka isiyohesabika. Kiumbe wa miguu miwili, mwenye uso kama wako, mkuu? Sitegemei. Lakini sijafika."

Mkuu ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa sauti.

Binti wa mstari wa mbele akauliza, "Kwa hiyo babu, tukiwatafuta tusitafute sura zetu?"

"Hasa, mjukuu wangu."

Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Mkuu mwenyewe akataka kujua sayari inapimwaje na mtu asiyeiona. Nikamweleza jinsi mwanga wa nyota unavyofifia kidogo sayari inapopita mbele yake. Akaniuliza tena, akanibishia, akauliza tena. Mwishowe akamgeukia mwalimu: "Kipindi kibaki."

Maneno mawili tu, nami nimeyabeba njia nzima kama zawadi.

Sasa najiuliza: kwa nini miaka yote hii nilisoma peke yangu, wakati watu wa kunibishia walikuwapo?