Turubai la Mwali

Jumapili, 28 Machi 1954

Nimeliosha gari asubuhi yote. Kwa maji ya mvua, si ya kisima. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi inakula spoku za magurudumu taratibu, huioni mpaka imemaliza. Nimezipaka grisi moja moja. Mgongo unauma. Raha tupu!

Lile paa la turubai nimelitupa. Lilikuwa limeoza, linanuka ukungu, na likikunjwa nyuma gari lilionekana kama mtu aliyebeba godoro. Gari la wazi liwe wazi. Yule Mzungu mpima ardhi aliyeniuzia alipokuwa anarudi kwao alisema hata yeye alilikunjua paa siku za mvua kubwa tu. Basi mimi siku za mvua nitalowa.

Hapa mtaani Dunda bado wananicheka. Ati Mrisho katoa shamba la minazi la marehemu mama yake, kapata gari la viti viwili! Leo Bi Mwanvita kaniambia mbele za watu kwamba hilo ni gari la mtu asiyetaka watu. Nikamjibu ningetaka watu ningenunua lori. Wote wamecheka ila yeye. Sasa yeye ndiye kungwi wa Tabia, kwa hiyo kila siku yuko nyumbani kwetu, na kila siku ana neno.

Tabia ni mtoto wa dada yangu Mwanaharusi. Yumo ndani, mwali. Harusi mwisho wa mwezi huu wa Mlisho unaoandama, kabla ya Ramadhani. Bwana harusi ni Ausi wa Kiwangwa, kijana mpole, analima mananasi. Baba yake Tabia ni marehemu, na hata angekuwa hai, kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Nalipenda neno hilo. Sitajidanganya humu daftarini.

Alhamisi, 1 Aprili

Mchwa! Mlango wa kushoto. Nani angejua kwamba ndani ya bati la gari la Kizungu kuna mbao? Nimegonga kwa kidole, ukalia mtupu. Nimetoa unga wa mbao wa kujaza kikombe. Nimemwaga oili chafu humo ndani hadi ikachuruzika chini. Mlango nimeufunga kwa kamba ya katani na sasa naingia kwa kuruka. Mtu wa umri wangu!

Tabia kaniita kutoka nyuma ya pazia. Kasema plagi moja haichomi vizuri, anaisikia akiwa kitandani. Nimeitoa. Kweli, imejaa masizi. Kabla ya kuingia ndani alikuwa ananing'arishia taa za gari, na masikio yake yamejifunza. Nimecheka peke yangu uani. Ausi apate mke kama huyu, na shamba lake lote ni la mananasi!

Jumatatu, 12 Aprili

Masika kweli mwaka huu. Basi la Dar halijaja siku nyingi. Malori yamelala Zinga, matope hadi ekseli. Mimi nimekwenda Kerege kumtengenezea mtu pampu yake — na nimepita!

Mahali pamoja nilizama. Wakatoka wanaume wanne shambani, wakalinyanyua gari kama kitanda, wakaliweka pakavu. Mimi nimekaa vilevile kwenye usukani, mikono juu ya magoti, kama sultani. Wamecheka sana. Mmoja kauliza kama hili gari limekomaa au bado linakua.

Wepesi ndio kila kitu. Nimerudi Dunda nimelowa hadi kwenye mifupa, nikapita mbele ya baraza ya wazee polepole, nikapiga honi. Leo hawakucheka. Wanasema mto Mpiji, njia ya Dar, maji yanakaribia daraja.

Ijumaa, 16 Aprili

Tabia anaumwa tumbo tangu jana. Anatapika. Bi Mwanvita kasema ni chango, kampa dawa za mizizi. Nimetoka msikitini nikamkuta Mwanaharusi amekaa kizingitini na hajapika. Kaniambia mtoto haongei. Si kawaida yake, nami limenikaa moyoni.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimemleta Sharifu, daktari. Kijana, mkavu wa maneno, amesomea Kampala. Bi Mwanvita alimzuia asimshike mwali mwilini, basi kamgusa tumbo juu ya kanga. Alipobonyeza upande wa kulia kisha akaachia, Tabia alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika uani.

Sharifu katoka nje, kaniambia ni kidole tumbo. Hapa hawezi kumpasua. Apelekwe Dar. Leo.

Nikauliza gari la wagonjwa. Liko Dar, zito, haliwezi kuja. Mashua je? Kusi imechafuka, hakuna nahodha atakayetweka tanga. Akanitazama. "Lako ndilo gari pekee linaloweza kupita," kasema. Na mimi — Mungu anisamehe — nilifurahi kuambiwa hivyo! Katika saa kama ile.

Ndani kukawa na maneno. Naandika kama yalivyosemwa, maana bado yananizunguka kichwani.

Bi Mwanvita: "Mwali apitishwe sokoni mchana, na manjano yake mwilini, kama chungu cha kuuza? Jua halijamwona huyu!"

Mwanaharusi: "Nitamfunika buibui langu. Niachieni mwanangu aende."

Bi Mwanvita: "Upepo wa gari lile utalivua kabla hamjafika Kiromo. Nalo halina paa, mwenye gari kalitupa. Watu wa Kiwangwa wakisikia, mtawaambia nini?"

Usiku? Mpiji usiku hapavukiki. Hilo nimelisema mimi mwenyewe.

Wote wakanigeukia. Niliona baraza ya Dunda machoni mwangu. Niliwaona wale wazee wakinyanyua vichwa, na Tabia wa marehemu shemeji yangu akipita mbele yao amejikunja, kichwa kinagonga mlango, na vicheko baadaye. Nikasema: litashonwa turubai, lifunike kiti cha abiria pande zote. Asiyejua asijue nimebeba nini. Kesho tunaondoka.

"Kesho, kaka?" kasema Mwanaharusi.

Nikasema kesho. Sharifu alikuwa bado yuko uani. Hakuniaga.

Jumapili, 18 Aprili

Kengele za misheni zinalia tangu asubuhi, ni Pasaka yao. Mbaruku fundi wa matanga kaja na turubai na sindano zake. Mimi nimekata fito, nikazipinda, nikazifunga kwenye bodi. Kazi nzuri. Kazi ya kusahaulisha. Kulikuwa na mshono mmoja umekwenda upande na nikamwambia Mbaruku aufumue aanze tena. Kanitazama, kaufumua.

Karibu na adhuhuri Mwanaharusi katoka mbio. Nikaangusha fito. Kumbe ni heri! Maumivu yamekatika. Ghafla tu, kama mtu kafunga bomba. Tabia kakaa, kaomba uji, kaunywa, kauliza gari limekuwaje mbona halijawashwa leo. Nyumba nzima imelia kwa furaha. Bi Mwanvita kasujudu palepale ukumbini. Hata mimi machozi yamenitoka, na huwa sitoi machozi ovyo.

Nimemtafuta Sharifu nimpe habari njema. Hayupo, kaitwa Kaole kwa mzazi. Basi tumeshauriana wenyewe. Kwa nini kumtoa mwali kwenye matope kama amepata nafuu? Tungoje kidogo. Nimesema ndiyo, tungoje. Mwanaharusi naye safari hii hakubisha, kwa kuwa alichoka.

Turubai limekwisha jioni. Limekaa vizuri sana. Nimelizunguka gari mara nyingi kulitazama.

Jumatatu, 19 Aprili

Asubuhi.

Anawaka moto. Tumbo gumu kama ubao. Macho yameingia ndani. Sharifu kaja bila kuitwa, na safari hii hakumwomba Bi Mwanvita ruhusa. Kamfunua, kamshika. Nilimwambia jana alipata nafuu, alikunywa uji. Kasema ile haikuwa nafuu. Kidole tumbo kilipasuka. Nikauliza kama kuna muda bado. Alikuwa ananawa mikono, na akaendelea kunawa.

Tunaondoka sasa. Mwanaharusi anataka kwenda. Viti viwili! Nimemwambia mtu wa tatu atatuzamisha, na ni kweli, na ningetoa kidole isiwe kweli. Bi Mwanvita anamfunga Tabia mto tumboni, mashimo yasimtonese.

Mpiji, adhuhuri imepita.

Naandika kwa kuwa sina la kufanya na mikono yangu, na nisipoifanyia kitu nitampiga mtu.

Mwanaharusi alitukimbilia nyuma hadi mwisho wa nyumba. Niliacha kumtazama kwenye kioo. Kiromo tumepita, Zinga tumepita kando ya malori, Kerege watu walitusukuma bila kuuliza. Gari limekwenda vizuri. Sijawahi kuliendesha vizuri hivi. Kila shimo Tabia aliguna ndani ya turubai, na kila alipoguna niliomba aendelee kuguna.

Hapa maji yako juu ya daraja, hadi gotini. Nikiingia na gari, injini itakunywa maji. Nilipiga honi, wakaja wanaume wanane kutoka mashambani, wengine na miti mabegani. Watu wema. Mkubwa wao anaitwa Mwinyijuma, rika langu. Nikawaambia nina mgonjwa, watuvushe pamoja na gari. Mwinyijuma kalitikisa kwa mkono mmoja, kasema jepesi, litabebeka. Kijana mmoja kasema, kama jeneza — mwenzake kampiga kofi la kisogo. Wakapitisha miti chini ya chesisi. Tulikuwa tumeshafika! Dakika chache tungekuwa ng'ambo!

Ndipo Tabia akasema, "Mjomba, sipati pumzi. Liondoe."

Kulikuwa na joto humo ndani kama kwenye tanuri la mkate. Sikufikiri. Nilichukua kisu nikakata kamba zote, nikalivuta turubai, likaenda na maji. Akapigwa na jua na upepo, akafumba macho, akavuta pumzi.

Nao wakamwona. Manjano mikononi, liwa usoni, nywele za mwali. Waliiachia miti kwa pamoja. Wote wanane wakatugeuzia mgongo, kama waliopigiwa amri.

Mwinyijuma kaongea nami akitazama msituni. "Ndugu yangu, ungetuambia. Huyu ni mwali."

Nikasema ni mgonjwa.

"Tunaona ni mgonjwa. Lakini ni mwali wa watu, nasi wanaume wageni. Asimame mama mmoja amfunike, aseme bismillahi, atupe ruhusa. Hapo tutambeba mabegani hadi Dar kwa miguu, ukitaka."

Nikamwambia mimi ndiye mjomba wake, mwenye neno ni mimi, ruhusa natoa mimi. Nilipiga kelele. Nilimfunika kwa koti langu, kwa kanzu yangu, nikasema basi, amefunikwa, bebeni! Mwinyijuma akanijibu kwa heshima, bila kugeuka. Neno langu wanaliheshimu, ila hili ni la wanawake. Na kuona wameshaona, sasa mkono wao ukimgusa, kesho watasema nini kwa watu wake?

Nikasema kesho atakuwa amekufa.

Mmoja alikuwa analia, nilimjua kwa mabega. Wametuma mtu Mapinga akatafute mama mtu mzima. Kaondoka mbio. Si karibu. Wenyewe wamekaa kwenye majani, migongo kwetu. Kijana yule wa jeneza kavua shati, kalinyoosha nyuma yake bila kutazama ili nimtengenezee Tabia kivuli. Nimelifunga kwenye kioo cha mbele.

Nimejaribu kuwachukia. Sijaweza. Ningekuwa mimi nimekaa pale kwenye majani ningefanya vilevile, tena ningesema kwa sauti kubwa kuliko wao.

Nimejaribu kumbeba peke yangu. Hatua chache ndani ya maji, mguu ukateleza, karibu nimwachie. Nimemrudisha kitini. Hakulalamika. Kauliza kama maji yanapungua. Nimesema yanapungua. Yamefika kwenye jiwe ambalo nilipofika lilikuwa kavu.

Haguni tena. Paji la uso lina jasho, mkono ulikuwa moto na sasa ni baridi. Namsemesha habari za Ausi, habari za harusi, namwambia plagi zote zinachoma. Kafumbua macho kidogo. Kanitazama kwa muda, kisha kaitazama barabara tuliyotoka.

Kuna mtu anakuja kutoka Mapinga! Yuko mbali bado, anakimbia. Nimepanda juu ya kiti nimwone vizuri.

Ni mwanamume. Ni yule waliyemtuma, na yuko peke yake.