Chumvi ya Pipa la Mama

Jumatano, 2 Julai
Maabara, Kibaha. Visahani ishirini na vinne vya kuoteshea bakteria. Vilivyoota: hakuna. Mwezi wa tatu huu nahangaika na tope la mashamba ya chumvi, natafuta bakteria wanaoishi humo na kutoa kitu kinachoua bakteria wengine. Shahada yangu yote ndiyo hiyo. Daktari Mushi, msimamizi wangu, kapita, kachungulia, kaguna. Kaenda zake. Nimeosha vyombo huku naimba. Kulia nimechoka.

Jumamosi, 5 Julai
Kisarawe, kwa mama mkwe. Nimemkuta kajifungia ndani, biashara hakufungua. Anauza nguru wa chumvi sokoni tangu Salumu, mume wangu, hajazaliwa. Wiki hii samaki wamegeuka rangi ya waridi, na chumvi ya pipani pia. Mteja kapiga kelele kwamba ni damu. Mwingine kanong'ona kwamba mama ana lake jambo. Sasa anataka kufukia kila kitu.

Nimefunua pipa. Moyo ukaruka. Rangi ile naijua vitabuni: ni vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaoishi penye chumvi kali ambako wengine hufa. Nikachota vijiko vitatu nikatia kwenye chupa yangu safi, chupa nikaiweka mkobani.

"Uchafu wangu unautia kwenye mkoba?"

Nikamwambia huu uchafu ndio kazi yangu, mama. Hakucheka. Samaki tumewafukia. Maji ya pipa kasema atayamwaga mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai
WAMEOTA! Vidoa vya waridi, vinang'aa kama shanga. Nimepiga kigelegele, mlinzi wa maabara kaja mbio na rungu akidhani nyoka. Nimemwonyesha. Katazama kwa heshima, kasema vizuri sana, ila nyoka yuko wapi.

Jumamosi, 19 Julai
Jana nilidondosha maji waliyokulia juu ya kisahani kilichojaa bakteria wa majipu. Leo asubuhi, pale penye tone, duara safi. Wa majipu hawamo! Nimempigia mama mkwe kabla ya Salumu, kabla hata ya Daktari. "Mama, chumvi yako inaua majipu!" Maneno yangu hayo hayo. Kacheka. Mara ya kwanza namsikia akicheka na mimi tangu niolewe. Nimetembea Kibaha nzima nikitabasamu kama mjinga.

Jumatatu, 21 Julai
Daktari kaliangalia duara. Kafurahi. Halafu swali moja: "Na maji ya chumvi matupu, uliyajaribu?"

Sikuyajaribu. Bakteria wangu wanakulia kwenye chumvi kali. Huenda chumvi ndiyo iliyoua, wao wamesingiziwa sifa tu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingesahau hilo. Aibu hadi kwenye kisigino.

Naanza upya. Safari hii nitapima vyote viwili, mara tatu tatu.

Jumanne, 22 Julai
Salumu kapiga simu asubuhi. Mama hakuyamwaga yale maji. Kayatia kwenye chupa, anawagawia watu bure wapake majipu. Kuna dada katoka Maneromango na mtoto mwenye kidonda mguuni. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi.

Nimekuta wanawake sita barazani, kila mmoja na chupa yake. Nikamwamkia mama, nikataka kumvuta pembeni. Kagoma.

"Sema hapa hapa. Si wewe uliyeniambia inaua?"

Nikasema mbele ya wote. Kwamba ni kweli nilisema, na nilisema kabla sijamaliza kupima. Kosa ni langu, si la mama. Maji hayo yametoka kwenye samaki walioharibika, kidonda kitaoza. Tafadhalini mwageni.

Mama kaingia ndani, mlango ukabamizwa.

Wanawake wamemwaga. Mtoto alikuwa bado hajapakwa, alhamdulillahi. Nimempeleka zahanati mwenyewe, pamoja na mamaye, kasafishwa, kapewa dawa. Kalia, kisha kaniomba andazi. Nimemnunulia mawili.

Nimerudi Kibaha bila kuagwa.

Alhamisi, 24 Julai
Mama hapokei simu. Salumu kasema nimwache apoe. Nimwache vipi? Nimemfurahisha mara moja tu, nikamwaibisha mbele ya wateja wake.

Jumamosi, 26 Julai
Maji ya chumvi matupu: hakuna duara, mara zote tatu. Bakteria wa pipa la mama: duara, mara zote tatu!

Daktari kavua miwani. "Haya. Sasa ndiyo kazi inaanza." Bado hatujui ni kitu gani wanatoa, wala kama kinafaa kwa mtu. Ni safari ya miaka, na huenda isifike kwenye dawa. Sijali. Nimecheza peke yangu kati ya meza. Kisha nimemwandikia mama ujumbe. Safari hii nimeandika yote, na hiyo miaka nimeitaja.

Hakujibu.

Jumapili, 27 Julai
Mama kaja Kibaha, hadi maabara. Bila taarifa, na baibui lake la sikukuu. Shikamoo yangu kaiitikia vizuri. Hakutaja jambo la Jumanne, nami sikulitaja. Kasema jana karudi sokoni na chumvi mpya, nguru wamekwisha mapema, na aliyeuliza habari ya damu kaelezwa mpaka kachoka.

Nimemvalisha koti jeupe, limemfika chini kabisa. Nimempa kisahani kilichofunikwa. Kakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kakitazama muda mrefu.

"Hawa ndio wa kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hujaandika walikotoka?"

Nimechukua kalamu. Nimeandika kwenye kifuniko: Pipa la Bi Mwajuma, Kisarawe. Kasoma taratibu, herufi kwa herufi. Kisha kavuta stuli karibu na yangu, kavua viatu, kakaa.