Chupa ya Nne ya Koku

Jumatano, Bilele. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Jumapili, tukijiandaa kwenda misa, binti yangu Koku alipoteza miguu. Ipo, naishika, ina joto. Lakini nikiifinya ananiuliza, "Mama, umeshaanza?"

Ana miaka kumi na minne. Tangu Pasaka analalamika mgongo, na ukoo wa baba yake aliyefia vitani ukaamua ni mikungu ya ndizi aliyobeba. Wakamchanja, wakampaka dawa. Mimi, muuza dagaa, nikaambiwa sielewi mambo ya mifupa.

Sasa eksirei imeonyesha uvimbe umeota kwenye pingili ya mgongo, unabana neva za miguu. Daktari wa upasuaji anaweza kuuondoa, lakini ni mgeni, ndege inamchukua Jumamosi. Tukichelewa, anasema, miguu haitarudi.

Anataka chupa nne za damu ndipo ashike kisu. Yangu haimfai. Watoto watatu wa dada yangu wamekuja kutoka Buganguzi, wamepimwa, wametoa.

Tatu si nne.

Amebaki shemeji yangu, Ta Kato, ndugu wa baba yake Koku. Kundi la damu yake linafaa. Aliwatolea majeruhi damu wakati wa vita na mpaka leo anatamba kwa hilo vilabuni. Leo kaja wodini, akamtania Koku: "Ukipata damu yangu, utaamka unadai pombe ya lubisi!" Mtoto kacheka mpaka nikamshika asijitikise.

Nje, kwenye korido, sauti ikashuka.

"Shemeji, nitatoa hata chupa mbili. Ila wasinipime ule ugonjwa."

Sista wa wodi akasikia, akamwambia bila kipimo hatoi hata tone.

"Basi mtanilaumu bure, waitu, ndugu zangu," akasema, akaondoka na mwavuli wangu.

Mke wake tulimzika mwaka jana, mwepesi kama mtoto. Najua anachoogopa. Nami nakiogopa, kwa ajili yake na kwa ajili ya Koku. Namwandikia kikaratasi, kimfikie usiku huu:

Ta Kato, siri ya mwili wako siihitaji. Nahitaji kujua kama nikutegemee, au nipande gari la kesho saa tatu asubuhi kwenda Kagoma kutafuta mtu mwingine. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa maabara. Usiniletee ndizi wala utani.

Unapimwa, au hupimwi?