Mikono ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mtaalamu leo kashika mkasi! Jina hilo tumembandika sisi. Ni mdogo wa mke wa tajiri mwenye karakana hii ya kushona, na kabla ya kuletwa kutusimamia mafundi alikuwa anauza simu. Kaona mashati ya shule yanachelewa, kamwondoa wifi yangu, mkataji wetu, kwenye meza ya kukatia. Wifi kamwambia kwa adabu zote: bosi, kitambaa hiki kina uso na mgongo, kikunje ndipo ukate, upate mkono wa shati wa kulia na wa kushoto. Kajibiwa kukunja ni kupoteza muda. Basi bwana mkubwa akatandaza tabaka juu ya tabaka, uso juu, akakata huku anahema. Tukampigia makofi. Ndiyo, tulipiga.

Jumanne, 5 Machi

Mikono yote ni ya kushoto. Yote! Fundi wa vifungo kacheka mpaka kajificha chini ya meza. Mtaalamu kaitazama mikono, kauliza: mkataji wa hapa ni nani?

Jumatano, 6 Machi

Kimenunuliwa kitambaa kingine. Tumeshona bila kula. Nyumbani mume wangu kauliza dada yake ana nini, mbona hasemi. Nikajibu kichwa kinamuuma.

Ijumaa, 8 Machi

Ijumaa ni siku ya Mzembe wa Wiki. Upuuzi wa Mtaalamu huo — tunasimama mstari, anataja mtu, wanaokubali wananyoosha mkono, picha ya mzembe inabandikwa mlangoni. Asiyenyoosha atajieleza. Leo kamtaja wifi. Mikono ikapanda mmoja mmoja, hata wa fundi wa vifungo, mnafiki yule! Wangu ukabaki chini. Kazi hii mimi ndiye niliyemtafutia wifi. Mtaalamu akanikazia macho. Ndipo wifi akanyoosha wa kwake, akaninong'oneza: "Nyoosha, wifi. Tukifukuzwa sote wawili watoto watakula nini?"

Nikanyoosha. Najichukia. Yule mwanamume namchukia zaidi.

Wifi kapewa fagio. Na kuanzia Jumatatu mkataji ni mimi. Hongera, kasema Mtaalamu, na mkono kanipa.

Jumapili, 10 Machi

Wifi kanifundisha kukata, juu ya shuka kuukuu. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nimesimama, hapa hapa mezani. Leo ni suruali, za shule ile ile. Mtaalamu kaja na mkasi mpya, kaniambia nisogee nijifunze. Katandaza tabaka juu ya tabaka, uso juu. Hajakunja! Nikafungua mdomo, akaniuliza kama na mimi naitaka picha. Kabla hajakata, simu yake ikaita, katoka nje kuongea.

Nikikikunja, nimemkaidi. Nikikiacha, itatoka miguu ya kushoto pekee, na mkataji wa hapa ni nani? Sikio la kufa halisikii dawa — ila hapa anayezikwa ni mwingine.

Wifi kasimama na fagio mlangoni, chini ya picha yake mwenyewe. Ananionyesha tu kwa viganja: kunja. Nimeshika ncha ya kitambaa. Mtaalamu namsikia anaaga kwenye simu. Wenzangu wote wameinamia cherehani zao, na hakuna hata moja inayolia.