Mpira Niliufunga Mimi

Bibi yangu wa Mahurunga,

Siku ulipoondoka nyumbani kwetu Likombe, Mama hakutoka chumbani kukuaga. Ulibeba kikapu chako na kanga mbili, mimi nikakusindikiza mpaka kituoni. Ulinishika mkono njia nzima ukinibembeleza, ukidhani nalia kwa sababu unatuacha. Nililia kwa hofu. Kulikuwa na jambo nimelificha, na nimeendelea kulificha miaka kumi na mitatu. Leo nakuandikia wewe ambaye upo kaburini, na hata ulipokuwa hai hukujifunza kusoma. Naandika hivyo hivyo.

Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na minne, Zaina mdogo wangu ana tisa. Baba alikuwa ameshafariki, Mama ni karani bandarini, na wewe ulikuja kukaa nasi ili tusirudi shule tukakuta nyumba tupu. Unakumbuka barazani, mchana, ukimenya mihogo? Ulikuwa ukicheka hadharani kwa kinywa wazi, na meno yako ya mbele yaliyochongwa yakionekana yote, ncha ncha kama msumeno. Mama hakupenda. "Mama, wageni wakija jizuie kidogo," alikuwa akikwambia. Ukawa unaziba mdomo kwa kanga mbele ya wenzake wa ofisini. Nilikuwa naona.

Nilikuuliza kama iliuma. Ukanieleza ulivyolazwa, kichwa kwenye mapaja ya shangazi yako, gunzi la hindi limebanwa kati ya taya, na fundi akigonga patasi ndogo. Ulimeza damu ili usionekane mwoga.

"Mlifanya hivyo kwa nini, Bibi?"

"Tulitaka kupendeza, mke mwenzangu. Kila watu na kupendeza kwao."

Zaina naye alitaka kupendeza. Alikuwa na mwanya mpana, na shuleni walimwita Geti. Ulimwambia mwanya ni uzuri, wako wanaoulilia hawaupati. Hakukusikia. Mimi nilikuwa nimeona kwenye simu ya rafiki yangu picha za wasichana wa mbali waliovaa waya kwenye meno, na msichana mmoja akieleza jinsi ya kuziba mwanya nyumbani kwa mpira mdogo wa kubania nywele. Zaina akanisumbua wiki nzima. Mchana mmoja, umekwenda kuswali adhuhuri, nilimkalisha kitandani, nikauvuta mpira mmoja mwembamba, nikayafunga meno yake mawili ya mbele pamoja.

Mpira ulifanya kazi, Bibi. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Wiki mbili tu, mwanya ukawa umefungika. Zaina alikuwa akijitazama kwenye kioo cha kabati akijichekea. Nilijiona fundi. Kisha asubuhi moja mpira haukuonekana. Tukakubaliana kwamba ameumeza usingizini, na tukaapishana tusimwambie mtu.

Hakuwa ameumeza.

Miezi michache baadaye ufizi wake ukavimba. Meno yale mawili yakaanza kurefuka kuliko mengine, yakawa yanacheza akiyagusa kwa ulimi. Wewe ndiye uliyekaa naye akilia kwa maumivu. Ulichemsha majani ya mwarobaini, ukatia chumvi, ukawa unamsugua taratibu kwa kidole. Siku moja Mama alirudi mapema kutoka kazini akakukuta, kidole chako kimo kinywani mwa mtoto, maji ya kijani yanamtiririka kidevuni. Alikuwa ametoka naye zahanati jana yake, na tabibu wa huko alikuwa ameuliza kama kuna dawa za kienyeji zimetumika.

"Umemtia nini mwanangu?" alipiga kelele.

"Chumvi na mwarobaini tu, mwanangu."

"Hukutosheka kuharibiwa meno yako?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, Zaina akanitazama mimi. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameapa, na alikuwa akisubiri mkubwa wake aseme. Sikusema. Kesho yake ndipo nilipokusindikiza kituoni.

Baadaye mimi ndiye niliyempeleka Zaina kung'olewa meno, kwa sababu Mama alikuwa na kazi za meli bandarini. Daktari hakutumia hata nguvu. Yalitoka yote mawili kwa pamoja kama yaliyoshikana, akayageuza kwenye mwanga, akaona mpira wangu umezunguka mizizi. Zaina alikuwa amefumba macho, kinywa kimejaa pamba. Daktari akaniita pembeni.

"Nani aliufunga huu?"

Nikageuka kumtazama Zaina kitini.

Akanieleza polepole, bila ukali, kwamba mzizi wa jino huchongoka kwenda juu, hivyo mpira hauwezi kutulia. Hupanda kidogo kidogo ndani ya ufizi, unakata kila kinacholishikilia jino, na kwa nje huoni kitu. Akaufunga kwenye pamba. "Mpe mama yako. Mwambie aje tuzungumze." Niliutupa mtaroni kabla hatujafika nyumbani. Mama nilimwambia daktari kasema ni ugonjwa wa ufizi.

Nilikuja kukuona Mahurunga mara moja, wakati wa korosho. Nilikuja nimekusudia kusema. Ulikuwa umekonda, ulikuwa unaanika korosho kwenye jamvi, na kabla sijaketi ukauliza, "Meno ya mdogo wako yameota?" Nikasema yale hayaoti tena. Ukatandaza korosho kwa kiganja, kisha ukasema, "Labda mkono wangu una kitu. Labda ni mimi kweli." Bibi, ulianza kuamini. Mimi nikainama nikakusaidia kugeuza korosho. Masika yaliyofuata ukafariki, na Mama alifika baada ya kuzikwa.

Sasa ninafanya kazi kwa daktari wa meno hapa mjini, msaidizi wake. Watu hudhani nilipenda kazi hii. Siku zisizo na wagonjwa wengi daktari hunisimulia mambo ya kunyoosha meno, maana nauliza sana. Ananiambia watu wameanza zamani mno, kwa nyuzi na kwa waya wa dhahabu, wengine kwa kulisukuma jino kwa kidole kila siku. Baadaye wakaja waliotengeneza ukanda wa chuma uliopinda kama mwezi mchanga, wakaufunga kwa uzi jino kwa jino, mgonjwa akateseka miezi. Wakafuata wenye pete za chuma kwa kila jino, na mipira ya kuvuta. Siku hizi ni vibati vidogo vinavyogandishwa kwa gundi na waya kupita katikati, na wenye uwezo huvaa plastiki nyembamba isiyoonekana. Nilipomsikia akitaja mipira nilishtuka. Kumbe nao hutumia mipira. Tofauti ni kwamba wao hujua inakokwenda, na mgonjwa hurudi kutazamwa.

Mwaka huu daktari bingwa wa kunyoosha meno alikuja kutoka Dar es Salaam kwa siku chache. Zaina ana miaka ishirini na miwili, anavaa meno ya bandia ya kuvua, na meno yaliyobaki yameegemea kwenye pengo. Mama akataka atazamwe, tukaingia watatu. Bingwa alitazama picha ya mionzi, akatuonyesha mahali ambapo mfupa umelika.

"Haya mawili yalipoteaje?"

Mama akajibu kabla yetu. "Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alimpaka dawa za porini."

"Hapana," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikasema yote, nimevaa glavu, nimesimama karibu na kiti cha mgonjwa: mpira, pamba, mtaro. Bingwa aliacha kuandika. Zaina alitazama sakafu. Mpira aliujua, pamba hakuijua. Miaka yote aliamini kwamba aliumeza, na kwamba mkono wako ndio uliouua ufizi wake.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Yeye alijua?"

"Bibi hakujua, Mama. Alifikiri ni yeye."

Akachukua mkoba wake akatoka. Nilimfuata mpaka nje nikataka kumshika bega, akanizuia kwa kiganja. "Nilimfukuza mimi," akasema. "Wewe ulinyamaza. Kila mtu abebe chake." Ijumaa alikwenda Mahurunga bila mimi. Nimesikia alipalilia kaburi lako kwa mikono yake, akaita ndugu kwenye dua, akawaambia mbele ya wote kwamba alikudhulumu. Mjomba anasema alizungumza wima, kisha akashindwa kutembea, wakamshika.

Zaina alikuja kwangu jioni ya siku ile ile tuliyotoka kwa bingwa. Nilimpakulia wali na samaki, tukaketi mezani. Akayavua meno yake ya bandia, akayaweka mezani karibu na sahani yangu.

"Nitazame ninavyokula," akasema.

Ni jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mtu. Nilimtazama. Alitafuna kwa pembeni, wali ukimtoka kwenye pengo, akiusukuma kwa kidole, na kila nilipotaka kuinamisha macho aligonga meza. Alipomaliza akanawa, akavaa meno yake, akaondoka. Hajanipigia tangu hapo.

Sikuombi msamaha, Bibi. Najua ungenipa hata kabla sijamaliza kusema, ungeniita mke mwenzako, ungenifuta machozi. Hicho ndicho nisichostahili. Nimekuandikia ili liwepo mahali limeandikwa: mkono wako haukuwa na kitu. Ulikuwa mkono safi kuliko yote iliyopata kuingia kinywani mwa mtoto yule.

Mungu akulaze panapokufaa. Mimi naamkia kazini.

Mjukuu wako mkubwa,
Hadija